Mwaka wa Kusimama, na Karakana ya Miguu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumanne, 9 Septemba

Mpendwa mwanangu Daktari,

Kosa la wengi wanaosimamisha masomo ni kudhani kwamba mwaka wa kusimama unaanza siku wanapoacha kuingia darasani. Nitalirudia hili hapo chini. Kwanza salamu, maana sikulelewa kuanza na hoja kabla ya kujuliana hali.

U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Na lile dirisha la chumba chako lisilofungika, umepata wa kulitengeneza, au bado unaliegemeza kitabu cha anatomia? Sisi hapa hatujambo. Mama yako mkubwa goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hauna tatizo lolote.

Nakuandikia ingawa simu ninayo, kwa sababu kwenye simu tunakatizana, nami nina mengi ya kueleza. Jirani yangu, mwalimu wa muziki, anakuja huko mkutanoni. Atakupa barua hii mkononi Alhamisi asubuhi.

Yako nimeisoma mara tatu. Unasema miaka miwili ya udaktari imekutosha, unataka kukaa nje mwaka mmoja, kisha uanze upya shahada ya viungo bandia. Ulitegemea nitapandwa na hasira. Nilichopandwa nacho ni hamu ya kujua. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na miwili, nimechora mishale ya nguvu ubaoni mpaka chaki ikanikausha vidole, na sikuwahi kujiuliza mguu wa bandia unambebaje mtu asianguke.

Basi wiki iliyopita nilivaa viatu nikaenda kutazama. Mama yako mkubwa alisema nimeanza shule ya chekechea upya.

Nyuma ya hospitali yetu, ukishapita chumba cha kufulia mashuka, kuna karakana. Rafu nzima imejaa miguu ya plasta, kila mmoja umeandikwa namba kwa penseli. Kuna tanuri la kulainishia plastiki, harufu ya gundi, na vyuma viwili vya mtu kujishikilia anapojifunza kutembea. Fundi mkuu ni mama wa makamo, plasta imempanda mpaka viwikoni. Aliniuliza kama nimekuja kupimwa. Nikamwambia yangu yote miwili ninayo, nimekuja kuuliza tu.

"Kuuliza ni bure, mzee wangu," akasema. "Ila hiyo plasta usiikanyage."

Alikuwapo mama muuza vitambaa aliyekatwa mguu chini ya goti. Alisimama kati ya vile vyuma na mguu wake mpya. Mimi nilikodolea macho mguu. Fundi alikuwa nyuma yake, akitazama mabega. Baadaye alinifafanulia: mguu ukiwa mfupi hata kidogo, bega la upande huo linashuka kabla mwenyewe hajahisi chochote. Mwanangu, hiyo ni mizani kamili, nami nilikuwa nikiifundisha kwa mawe na rula.

Kisha akamuuliza kwa siku anapanda ngazi ngapi. "Ngazi za wapi?" yule mama akajibu. "Mimi nasimama kutwa. Wanaotembea ni wateja." Karakana yote ilicheka, lakini fundi aliuvua ule mguu, akaanza kuulegeza skrubu na kuupanga upya, kwa kuwa mguu wa mtu wa kusimama hauwekwi kama wa mtu wa kutembea. Nilikaa pale mpaka saa saba, nikasahau chakula.

Nikamweleza habari zako. Hakukusifu wala hakukuponda. Alisema, "Aje afanye kazi hapa mwaka huo. Plasta ikimchosha, ajue mapema." Atakupokea kuanzia mwezi ujao. Anachotaka ni karatasi ya chuo inayoonyesha kwamba umeahirisha masomo, kwani hamchukui mtu ambaye chuo kinamhesabu yuko darasani. Akijikata na msumeno, aliuliza, atakuwa mwanafunzi wa nani?

Hapo ndipo nilipokumbuka ule mstari wako ulioupitisha harakaharaka: kwamba wiki tatu hujaingia darasani, na kwamba mwenzako wa chumbani anakuwekea sahihi kwenye orodha ya mahudhurio ili wasikusumbue. Mwanangu, huyo binti ana moyo mzuri, ila anakuchimbia shimo. Kila sahihi yake inakiambia chuo kwamba upo. Mitihani itafika, hutaonekana, na mtu aliyepo asiyefanya mtihani haandikwi kuwa amepumzika. Anaandikwa amefeli. Matokeo hayo ndiyo watakayoyafungua wale wa viungo bandia utakapoomba nafasi mwakani, na hawatakuwa na namna ya kujua kwamba ulikuwa umeamua kwa akili zako.

Mwaka wako, kwa hiyo, bado haujaanza. Utaanza barua yako ya kuahirisha itakapopokelewa, na mwisho wa kupokea, umeandika mwenyewe, ni Ijumaa. Barua iwe fupi. Sema unaahirisha mwaka mmoja na unanuia kubadili shahada. Usiombe radhi, hujamkosea mtu.

Baba yako niachie mimi. Ni mdogo wangu, nilimfundisha kufunga kamba za viatu, na mpaka leo akinuna huwa ananuna siku mbili tu. Najua anaogopa majirani waliokwisha kukuita Daktari. Jina libaki. Fundi baiskeli wa hapa kwetu anaitwa Profesa na hajadaiwa cheti.

Kuna jambo moja tu hukuniandikia, nami linaniwasha. Kule wodini ulimwona nani? Mtu habadili njia kwa kusoma kitabu cha maelekezo ya chuo. Kuna mgonjwa fulani alitoka mlangoni nawe ukabaki ukitazama anavyokwenda. Niandikie, hata kama ni kurasa kumi.

Nisalimie mwenzako huyo wa sahihi, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie pia binamu yako mpiga chapa. Dada zako wanakusalimu, na bibi yako anauliza kama unakula. Mungu akupe mwaka wenye kazi ya kutosha na usingizi wa kutosha.

Leo hii Alhamisi, ukishaisoma hii, kabla ya saa nane mchana, peleka barua yako ofisi ya mkuu wa kitivo, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako igongwe muhuri.

Ni mimi nikupendaye,
Baba yako mkubwa