Honi Niliyoisikia kwa Meno

Kayanga, Karagwe
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Nadhira,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute wewe, shemeji Abdulrahim, watoto na mama mkiwa salama, na mkono wa mama uwe umeanza kuunga. Sisi huku tupo, Mungu anatustiri. Mvua zimeshika, senene wameanza kuonekana, na Nasreen wetu ameota meno na anamng'ata kila anayemkaribia. Wifi yako Mwaja anakusalimu sana. Mimi mwili ni mzima, ila nina hofu ambayo hii ni wiki ya tatu haijanitoka, na hofu yenyewe inatuhusu sisi wawili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua bado umenikasirikia. Ulinipigia kunieleza kwamba mama ameteleza bafuni akavunjika mkono, nami nikakujibu alhamdulillah, vizuri sana, wape salamu wote. Ukakata simu, na ulikuwa na haki. Habari yenyewe niliipata kesho yake kwenye ujumbe wa shemeji, nikakaa chini hapo hapo dukani. Tangu siku hiyo sipokei simu zako. Ulimwambia Mwaja kwamba Karagwe imenitia kiburi. Si kiburi, dada. Nisome taratibu mpaka mwisho, na usimsomee mama. Ningeweza kukutumia ujumbe, lakini simu yako wanaishika watoto, na wale wakiona maandishi lazima wayasome kwa sauti nyumba nzima isikie. Barua hii anakuletea mkononi Fidele, fundi baiskeli jirani yangu, anayekuja huko Tabora kumwona binti yake.

Nianze na kazi iliyoleta mambo yote. Mwezi uliopita alinijia Mwalimu Elpidius wa Kibingo, kule Kyerwa, mzee mstaafu aliyefundisha fizikia miaka mingi. Katikati ya migomba na mibuni, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kuiona reli, yeye ameijenga juu ya meza sebuleni kwake. Ina madaraja, ina stesheni, na vichwa vya treni vinavyokaa kiganjani. Vitu hivyo analetewa na binti yake Benadeta, ambaye ni nesi Ujerumani. Safari hii alimtumia ving'amuzi viwili vya sauti. Usifikirie king'amuzi cha televisheni. Hiki ni kidude chembamba, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, unakifunga ndani ya kichwa cha treni, na treni inaanza kuunguruma, kupiga honi na kulia breki kama ya kweli, kwa kubonyeza rimoti. Mwalimu alisema watoto wa Kibingo wameiona treni yake ila hawajaisikia, na yeye umri umekwenda. Akanikabidhi vichwa viwili, ving'amuzi, rimoti na kipande cha reli cha kujaribia, vyote ndani ya kopo la maziwa, amevizungushia pamba.

Nilifurahi, sikufichi. Nilimkumbuka baba. Nikakumbuka na mama alivyoapa, baba alipoondolewa kwenye usukani wa treni kwa sababu ya masikio, kwamba reli imekula masikio ya mume na haitakula ya mwana. Ndipo nikaletwa huku kwa ba' mdogo Mansoor, mkoa usio na treni, nikajifunze ufundi wa redio. Nikacheka peke yangu kwamba treni imenifuata mpaka Kayanga, tena imekuja ndani ya kopo.

Kazi ni ndogo na ni ya roho mkononi. Unafungua kichwa cha treni, unapunguza kwa tupa chuma cha uzito kilichomo ndani ili upate nafasi. Unatenga mota isiguse reli, maana ikigusa tu, king'amuzi kinaungua. Halafu unachomea waya kwa lehemu: mbili zinaleta umeme kutoka kwenye magurudumu, mbili zinakwenda kwenye mota, mbili kwenye spika. Spika yenyewe haizidi punje ya harage, na lazima uifungie kwenye kiboksi chake cha plastiki, la sivyo sauti inatoka ya mbu. Nilitumia siku mbili. Nikaweka treni relini, nikabonyeza. Ikatembea vizuri, taa zikawaka. Sauti hakuna.

Nikafungua. Mita inasema waya zote ni nzima. Nikabadilisha spika, kimya. Nikafunga king'amuzi cha pili kwenye kichwa cha pili, kimya vilevile. Fidele akasimama mlangoni akasema neno, nikaona anacheka, nami nikacheka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiuliza treni yangu inakwenda Kigoma au inakwenda kuzimu, mbona haipumziki. Siku ya tatu nikashikwa na papara, nikagusa waya bila kuzima umeme. Ulipanda moshi mwembamba na ile harufu tunayoichukia sisi mafundi. King'amuzi kimoja cha Mwalimu kikafa mkononi mwangu.

Kesho yake asubuhi nilimwita Mwaja anishikie rimoti. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, mmoja lehemu na mwingine koleo, kwa hiyo kile kiboksi cha spika nikakibana kwa meno. Nikamwashiria abonyeze. Dada, honi ililia ndani ya kichwa changu. Ililia kwenye taya, kwenye fuvu, kubwa, kama nimelala relini na treni inakuja. Nilikitema. Kimya. Nikakichukua tena, nikakirudisha menoni. Honi. Nikakitoa. Kimya. Mwaja bado kidole kipo kwenye rimoti, ananitazama. Nikamuuliza kama sasa hivi inalia. Akasema inalia. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema tangu siku ya kwanza, yeye alidhani naipenda, naichezea.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya duka. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tangu nizaliwe. Mambo yote yalinijia kwa pamoja. Bodaboda iliyonikosakosa mnadani na dereva akanitukana. Wateja ninaowaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nawatengenezea kitu wasichokisema. Na juzi tu kabla ya hapo Nasreen alijibana kidole mlangoni, hatua tatu nyuma ya mgongo wangu, akalia mpaka akakauka sauti, na mimi nimeinamia treni. Mwaja alipomchukua alinitazama. Nilidhani amechoka.

Kichwa cha treni cha pili nilikimaliza, nikakipeleka Kibingo pamoja na maiti ya kile king'amuzi. Mwalimu hakunigombeza. Alinikaribisha akamwani, hizi kahawa za kutafuna, akanisikiliza mpaka mwisho, na kila alipoona sijashika neno alinisogelea na kulirudia. Alisema sauti inaingia kwa milango miwili, hewa na mfupa, na kama mlango wa mfupa uko wazi basi ndani mna mtu. Akasema yeye ni mwalimu, si daktari. Akampigia Benadeta kwa picha. Huyo binti aliandika maswali yake ili niyasome, akaniuliza nina umri gani. Thelathini na minane. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani. Nikasema baba yetu, lakini yeye ni treni zilizomharibu.

Akauliza kama baba alikuwa akisikia vizuri zaidi palipo na kelele kuliko palipo kimya.

Unakumbuka, dada? Nyumbani tulimwita mara tatu hageuki, na wenzake wakaapa kwamba ndani ya kichwa cha treni anashika kila neno. Mama alisema anatudharau. Na baba mwenyewe alisema kwa sauti ya chini daima, mpaka tukawa tunamsogelea. Mwaja anasema siku hizi mimi nanong'ona. Benadeta akaandika kwamba huenda si treni kabisa. Kuna kifupa ndani ya sikio, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kwa baadhi ya familia kinaganda polepole, mtoto anaurithi ugonjwa huo kwa mzazi. Akasema kwa wanawake huenda ukaongeza mbio wakati wa ujauzito na baada ya kuzaa. Kisha akauliza kama nina dada.

Nikamjibu ninaye, na ana mimba. Mwalimu akageuza uso dirishani.

Sasa nafika penyewe, na naomba unisamehe kabla hujamaliza. Ile simu uliyonitumia kwa basi mwezi wa Ramadhani, ya tatu tangu uwazae mapacha, ukisema spika yake nayo mbovu, unasikia kwa mbali, watu wanakunong'oneza, haikuwa na ubovu. Nilikwambia nimebadilisha spika. Sikubadilisha kitu. Mita ilisema nzima, Mwaja aliiweka sikioni akasema inapiga mpaka inauma. Mimi nilipoiweka sikioni sikusikia hata nusu ya alichosikia yeye. Hapo ndipo nilipojua, dada. Tangu Ramadhani. Nilifuta vumbi, nikafunga skrubu, nikakurudishia, nikaogopa kimya kimya. Hata treni ya Mwalimu ilipokaa kimya nilipendelea kuua mali ya mtu kuliko kukubali. Kama ningesema mapema, ungekwenda kupimwa kabla ya ujauzito huu ulio nao. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko masikio yangu.

Fanya hivi. Chukua simu hiyo hiyo, fungua qaswida yoyote, uiweke sikioni. Kisha isukume nyuma ya sikio, ibane kwenye ule mfupa mgumu. Kama utasikia zaidi mfupani, kaa chini kwanza, usishtuke kwa ajili ya mtoto. Benadeta anasema ikiwa ni ugonjwa huo, kuna vifaa vya kusikilizia na kuna upasuaji, lakini ni mtaalamu wa masikio atakayesema baada ya kutupima. Nimeuliza, Mwanza yupo. Nakuja Tabora Jumamosi ijayo kukuchukua, na shemeji nimeshamwandikia kwamba nakuja kumwona mama, si uongo. Nasreen nakuja naye pia. Watoto wako nao tuwatazame, hasa wakiitwa kutoka nyuma, kama wanageuka.

Treni ya Mwalimu inalia. Watoto wa Kibingo walijaa mpaka madirishani, nikaziona nyuso zao zinavyofunguka honi inapopigwa. Mimi niliweka vidole juu ya paa lake dogo, nikaihisi.

Msalimie mama, umwambie namwombea. Wasalimie mapacha, shemeji, na majirani wote wa hapo nyumbani. Mwaja anasema ule, upumzike, usibebe ndoo.

Usinipigie simu, dada, tutaishia kuulizana nini, nini. Jumamosi kaa sebuleni, mlango usiufunge kwa komeo. Nitabisha hodi, lakini usiposikia nitaingia, na ukiitikia karibu nisisikie, nitaingia vilevile.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Abdillah