Bashasha Nisiyoruhusiwa

Kibirichia, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na bado unakaanga viazi karai barazani huku ukiwatania wapita njia. Mimi na Sidi, wajina wako, tu wazima wa mwili. Mvua imeshika, baridi ya mlima haina utani, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu Kendi wangu afariki. Nalia, mama, sikufichi. Hulia zaidi nikimsuka mtoto nywele, maana sijui kusuka.

Ulinipigia simu ukaniambia nimchukue mtoto tuje Malindi, kwani mkataa kwao ni mtumwa. Ukaniuliza kama wakwe zangu hunipokea kwa bashasha. Jibu ni refu, halikufaa kwenye simu, ndiyo sababu nakuandikia.

Unakumbuka nilikuja huku na lori la kununua viazi, nikaoa, nikabaki. Siku Kendi aliponipeleka kwao mara ya kwanza, nilifanya kama ulivyonilea. Mama yake alipotoka jikoni nilimwendea meno yote nje, nikamkumbatia. Alijitoa mikononi mwangu, akajifunika uso kwa shuka, akakata katikati ya shamba la viazi akaenda zake. Nilidhani nimechukiwa kwa kuwa mtu wa pwani.

Kendi ndiye aliyenieleza. Kwao kuna nthoni, yaani haya za wakwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala kutazamana usoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Nikamwambia kwetu sisi kuna bashasha. Akauliza ni nini hiyo. Nikasema ni uso wako kumfikia mgeni kabla ya mkono. Akacheka. "Basi hiyo yako wekea mimi," akasema. "Kwa mama utanyamaza tu."

Nikamwekea yeye, miaka yote hiyo. Sasa sina wa kumpa.

Hata mazikoni mkwe wangu hakunisogelea. Alisimama ng'ambo ya kaburi, amenipa mgongo, nami nikasema moyoni, hapa sina mtu tena. Juzi nikafunga mizigo, nikamtuma shemeji akaniagie kwa mama yake.

Asubuhi yake mkwe alikuja mpaka kwenye ua. Hakuingia. Aliuelekeza uso mlimani, akamwita Sidi, akasema kwa Kiswahili, ambacho hukitumia sokoni tu, ili nisikose hata neno.

"Sidi, ambia baba yako hii viazi haiwezi jipalilia. Ambia yeye nimepoteza mtoto moja. Sitaki kupoteza wawili."

Sidi alikuwa kando yangu, ananishika suruali. Akainua uso. "Baba, umesikia?"

"Mwambie nyanya nimesikia," nikasema.

Mkwe hakuondoka mara moja. Nilimwona mabega yakimtetemeka, nami nimesimama upande wangu wa ua kama gogo, siwezi hata kumshika mkono.

Nimefungua mizigo, mama. Siji. Najua utaumia, na inaniuma kukuumiza, lakini usiseme nimekataa kwetu. Kaburi la Kendi liko hapa, na mama yake hana mwingine wa kumlilia naye kama mimi.

Nisalimie dada yangu Kadzo, umwambie mikono yake ya kusuka inahitajika huku. Nisalimie na mjomba, fundi cherehani, suti aliyonishonea ya harusi ndiyo niliyovaa mazikoni.

Nawe mvua ikikatika, njoo. Wewe na mkwe wangu hamna nthoni, mnaruhusiwa kushikana. Ukimwona mkumbatie kwa bashasha yako yote. Ukimaliza mkumbatie tena, hiyo ya pili ni yangu.

Mwanao,
Karisa