Nyumba Yetu Mpya

Kambi Namba Sita,
Bara la Australia.

Kwa kaka yangu Tebano,

Nakusalimu kwa mapenzi yote. Natumaini hujambo, na chumvi haijaingia kwenye mashimo yetu ya babai, yale magimbi yetu. Sisi tunapumua, japo vumbi la huku linakaa kooni kama unga mkavu. Mama anakohoa tangu tulipofika.

Miezi minane tulilala hemani kwa sababu yako. Usikasirike, nakueleza tulivyoambiwa. Bwana wa makazi, huku akilamba sukari ya keki vidoleni, aliniambia kuwa familia iliyoacha mtu kwenye kisiwa kinachomezwa na bahari inahesabiwa haijahama, kwa hiyo haipewi nyumba. Nikamweleza kwamba kaka hataki kuyaacha makaburi ya wazee. Akacheka, akauliza kama hayo makaburi yanajua kuogelea. Nilitaka kumtapikia mezani. Nikamshukuru.

Sasa nyumba tunayo, ina bomba na mlango wa kufunga. Wenzetu wa kisiwa cha Abaiang walikuja na mikeka, tumbaku na makopo ya nyama, wakakaa nasi siku tatu, maana tulikuwa na msiba. Mjomba Kaure, yule aliyezoea kukuita mvivu wa ukoo, alisimama akasema hajatokea mkwezi wa minazi kama wewe.

Ndiyo, kaka. Msiba ulikuwa wako. Nilitia saini kwamba umekufa maji. Mama naye sikumwambia ukweli, kwa sababu hajui kuficha kitu mbele ya maafisa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nimekaa ubavuni pake nikila nyama ya matanga yako. Najichukia.

Na sikujua kwamba kwenye orodha yao ya watu wa kisiwani ulibaki wewe peke yako. Kwa kuwa umekufa, kisiwa hakina mtu, na meli ya chakula imefutwa. Hii iliyokuletea barua inakuja kung'oa tangi la maji, kisha basi. Mpishi wake, Tiaon, amekubali kukuficha jikoni. Panda, kaka. Usipopanda, nilichotia saini kitakuwa kweli.

Waage wazee makaburini kwa niaba yangu. Salamu za mama sina za kukupa, kwa kuwa anaamini umekufa. Kila asubuhi ananituma nikawasalimie watu wote wa kisiwani kwetu walioko hapa kambini, ila wewe hakutaji.

Mdogo wako,
Teretia