Uzio wa Mpakani

Kiseke, Mwanza

Kaka Okeyo, shikamoo.

Sisi wazima, ila mvua imeloanisha dagaa wote tuliowaanika.

Ulipotuambia kwenye simu kwamba unajenga uzio, Mama alidhani unajenga boma lako, akatoa shukrani kanisani. Nilishindwa kumwambia ni uzio wa mpaka wa nchi, unaokata hifadhi ya wanyama katikati. Jana kaiona picha uliyonitumia: ndama wa nyumbu upande huu wa waya, mama yake upande ule.

Nikakutetea, kaka. Nikasema kazi ni shida kupata, na siyo wewe uliyeamua uzio upite pale.

Mama hakugombana nami. Aliuliza tu, "Koleo si analo? Kwa nini hajamkatia yule ndama waya?"

Nijibu nini?

Mdogo wako,
Awuor