Mayai kwenye keki ya Janki

Shosti, hapa nina hasira. Wifi yangu Mwajabu kamuaibisha mwanangu Husna mbele ya watu.

Husna alimpikia keki ya besdei Janki, mjukuu wa Bi Shobhana wa ghorofa ya juu. Wale dini yao hawali mayai, bibi mwenyewe alimkumbusha. Mizani hatuna, Husna kapima unga kwa kikombe cha chai, kaweka mtindi badala ya mayai. Akashuka dukani kufuata vanila.

Huku nyuma Mwajabu kavunja mayai matatu, kayakoroga humo yakapotea. Matatu, shosti, na hakumwambia mtu.

Kwenye sherehe watu wanakula, wanasifia. Yeye anacheka, "Bila mayai yangu leo mngekula chapati."

Mayai yangu. Kasema hivyo hivyo.

Bi Shobhana akaweka sahani chini, akamtoa Janki kipande mdomoni kwa kidole. Kisha akamwambia Husna taratibu, "Mwanangu, kwenu ndiko pekee nilikokuwa nakula bila kuuliza."

Husna kajifungia chumbani. Mwajabu anasema tunakuza mambo.

Na wewe Jumamosi umemwita Mwajabu akusaidie kupika. Usimwache jikoni peke yake hata dakika moja.