Niandike Watoto Wanne au Watano?

Mpendwa Shangazi Mabruka, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo programu ya mazishi inaenda kuchapishwa.

Mimi ni mkazi wa Kawangware 46, nina digrii ya historia, na tangu nifuzu nimeomba kazi ya kufundisha chuoni mpaka nimechoka, na mama akiulizwa kanisani ninafanya nini husema bado natafuta, ilhali kazi ninayo, ninaandika na kusoma historia za marehemu. Ilianza jirani alipofariki, wakasema Nanyama amesomea historia, aandike, nikadhani ni mzaha lakini nikauliza watu, nikaandika, waombolezaji wakalia pa kulia na kucheka pa kucheka, na sasa naitwa kila mahali, ila nikienda kumwona mgonjwa hospitalini naona hafurahi.

Sasa amefariki seremala aitwaye Maurice, na mjane wake Phanice akanipa majina ya watoto wanne, na kwa vile nilifunzwa nisitegemee shahidi mmoja nikaenda mtaa wa Kisumu Ndogo alikoishi marehemu zamani, nikaelekezwa kwa Daisy muuza samaki aina ya omena, na hapo nikamkuta bintiye Valentine, yuko kidato cha tatu, sura ni ya Maurice mtupu, na majirani wote wanajua ni wake na kwamba alimlipia karo mpaka alipougua. Daisy hakulia, aliniambia tu, "Mimi usiniweke, sitaki maneno. Lakini mtoto muweke, huyo ako na baba."

Nikamweleza Shiundu, ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akasema, "Wewe andika ile tumekupa," halafu kwa upole sana akanikumbusha kwamba yeye ni mkuu wa chuo na Januari wanatafuta mwalimu wa historia, mtu anayefuata maagizo. Shangazi, hiyo ndiyo kazi niliyoililia miaka hii yote, na najiambia kuandika wanne si uongo, ni kufupisha, lakini usingizi sipati. Nifanye nini?

Nanyama, Kawangware


Nanyama,

Majina yote nimeyabadilisha, maana uliniandikia hata namba ya simu ya Shiundu. Pole kwa kukosa usingizi, ingawa ningeshangaa kama ungelala.

Kufupisha ni kuacha kutaja timu ya mpira aliyoshabikia. Ukimwacha mtoto umemfuta. Watu hupeleka wasifu wa mazishi mpaka kortini wakigombania shamba, na siku hiyo msichana ataulizwa mbona hakutajwa. Na hicho chuo kitakachokuajiri Januari kwa sababu ulikubali kufuta mtu, Februari kitakuomba ufute nani?

Kosa lako ni kukimbilia kwa mwenyekiti. Aliyefiwa na mume ni Phanice. Nenda kwake leo, peke yako, bila karatasi, umwambie ulichoona bila kukipamba. Nadhani utakuta anajua mengi kukushinda. Akikubali, andika watoto watano kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kutaja mama zao, na mazishi yataendelea. Akikataa usimbishie, ana msiba. Waachie kazi yao watafute msomaji mwingine, lakini "wanne" isitoke kinywani mwako.

Kuhusu ajira, mama yako anakosea na wewe unamsaidia kukosea. Unatafuta kazi na kazi unayo mkononi. Sisi wa mtaa wa Makina tumehangaikia hati za ardhi ya babu zetu tangu sijazaliwa, na mtu anayeweza kukaa na nyaraka za serikali kutwa nzima akatoka na jibu, mawakili humtafuta. Redio zinahitaji watu wanaojua kuwahoji wazee, makumbusho pia. Kuna na familia ambazo zingependa historia ya mzee iandikwe angali hai, na hapo hata wagonjwa wataanza kufurahi kukuona. Weka bango, weka bei, na Jumapili mama aseme kanisani kwamba binti yake ni mwandishi.

Siku ya mazishi, wengi chini ya hiyo tenti watakuwa wanangoja umalize wakale. Valentine atakuwa amesimama nyuma, anasikiliza majina. Msomee yeye.

Shangazi Mabruka