Surua Haikunirudia

Matongo, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Boke,

Marahaba. Sisi wazima, na leo nakueleza habari yangu na surua.

Watu walipofurika hapa kuchimba dhahabu, nilikuwa darasa la sita. Surua ikamlaza mdogo wangu Robi. Mama akanivunjia mfupa wa ng'ombe: "Nyonya uboho, mwanangu, ndiyo kinga!" Nikamlisha Robi uji mpaka akapona, nami sikuugua.

Nilipomsimulia mwalimu wangu, akacheka. "Kinga imo katika uboho wako, si wa ng'ombe! Bila shaka uliugua surua utotoni. Chembe zinazotengeneza kinga zimekaa humo, na uboho unazitunza miaka na miaka."

Tangu hapo, nikitembea nahisi nimebeba wageni wapole wasiolala.

Sasa mtoto wa dada yako ana surua, na wazazi wake wananikataza kumshika, wasije wakaniambukiza. Wewe unayesomea udaktari, nijibu upesi: chembe zile bado zimo, nimbebe?